Bezi na Batare: Ugomvi wa koo mbili ulioiachia Burundi kiti kitupu

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

KILA mwaka ifikapo Oktoba 13, viongozi wa Burundi hupanda kilima cha Vugizo kuweka mashada ya maua kwenye kaburi la Prince Louis Rwagasore. Kutoka pale juu unauona mji wote wa Bujumbura: mabati ya mitaa ya kati, bandari, Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji milima ya Congo upande wa Uvira. Unaona pia ufukwe ambako mwana huyo wa Mwami alipigwa risasi usiku wa Oktoba 13, 1961, akiwa anakula chakula cha jioni. Alikuwa na umri wa miaka 29. Uwaziri mkuu alikuwa ameushika kwa wiki mbili tu.

Aliyefyatua risasi anajulikana. Ni Mgiriki mmoja aliyeitwa Jean Kageorgis. Jina hilo halina ubishi, na mtoto wa shule analijua. Ubishi ambao haujaisha hadi leo ni nani walikuwa nyuma ya Mgiriki huyo, na kwa nini.

Ukianza kulijibu swali hilo, huwezi kuishia mwaka 1961. Utarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi ndani ya boma la Mwami, kwenye koo mbili zilizotokana na damu moja: Bezi na Batare.

Majina manne, watoto wengi

Ufalme wa Burundi ulikuwa na utaratibu wake wa majina. Mwami aliitwa Ntare, au Mwezi, au Mutaga, au Mwambutsa. Majina hayo manne yalizunguka kwa zamu. Akimalizika Mwambutsa, duru inaanza upya kwa Ntare mwingine.

Watoto wa Mwami na wajukuu zake waliitwa baganwa. Hao hawakuhesabiwa miongoni mwa Wahutu wala Watutsi. Walikuwa watu wa ukoo wa kifalme, wakisimama juu ya wote wawili. Kila kizazi cha baganwa kilichukua jina la Mwami aliyekizaa. Wa Ntare waliitwa Batare, wa Mwezi wakaitwa Bezi, wa Mutaga wakaitwa Bataga, na wa Mwambutsa wakaitwa Bambutsa.

Baganwa walipewa nchi ya kutawala. Mwami aliwagawia wanawe vilima na mikoa, nao wakakusanya kodi, wakahukumu kesi, wakakusanya askari wakati wa vita. Hapo ndipo mbegu ya ugomvi ilipokuwa. Nchi haiongezeki kila Mwami anapozaa. Mwami mpya naye ana watoto wake, nao wanataka vilima. Wa kuvitoa ni nani, kama si wale watoto wa Mwami aliyetangulia?

Kwa hiyo kila utawala mpya ulileta msukumo uleule. Wana wa Mwami aliyepo walikaa karibu na kiti; wajukuu wa Mwami wa zamani walisukumwa pembeni, na vizazi vikipita walipoteza hata jina la uganwa, wakawa watu wa kawaida. Utaratibu huo ulikuwa mkali, lakini ulifahamika. Kila mtu alijua kwamba zamu yake ya kusukumwa itafika.

Rugamba na Gisabo

Ntare Rugamba, aliyetawala nusu ya kwanza ya karne ya 19, ndiye aliyeipanua Burundi kuliko wote. Mipaka yake ilifika hadi Bugufi, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Ngara, Tanzania. Nchi zile mpya aliwakabidhi wanawe wakubwa, na hao ndio wazee wa Batare.

Alipofariki karibu mwaka 1850, kiti hakikwenda kwa hao wakubwa waliopigana vita. Kilikwenda kwa mdogo wao, Mwezi Gisabo. Kwa kuwa alikuwa bado kijana, kaka yake Ndivyariye alimshikia madaraka. Gisabo alipokua na kutaka kutawala mwenyewe, mtu na kaka yake wakawa maadui.

Gisabo alitawala kwa zaidi ya nusu karne. Katika muda huo wote alikuwa akiwapa wanawe, yaani Bezi, vilima vya katikati ya nchi, karibu na Muramvya. Batare wakabaki mashariki na kaskazini, wakitawala kana kwamba Mwami hayupo. Wakati Wajerumani wanaingia, Gisabo alikuwa Mwami wa nchi nzima kwa jina, lakini amri yake haikufika kila mahali.

Mutaga Mbikije aliyemfuata alifariki mwaka 1915 akiwa kijana. Mwambutsa Bangiricenge akatawazwa akiwa mtoto mdogo. Ndiyo maana karne ya 20 haikuwa na Bataga wala Bambutsa wenye nguvu. Waliobaki uwanjani walikuwa wawili: Batare na Bezi.

Yaliyotokea Florence

Warundi hawakuwa peke yao katika jambo hili. Msomaji anayeijua Italia ya zamani atakuwa ameshakumbuka Florence, mji wa mabenki na wafumaji, ambako familia ya Medici na familia ya Pazzi ziligombea fedha na madaraka.

Jumapili ya Aprili 26, 1478, watu wakiwa kwenye misa ndani ya kanisa kuu la Florence, watu wa njama ya Pazzi walichomoa visu. Giuliano de' Medici aliuawa palepale. Kaka yake Lorenzo alijeruhiwa shingoni, akakimbilia chumba cha mapadri na mlango ukafungwa. Nyuma ya Pazzi kulikuwa na mkono wa mbali: Girolamo Riario, mpwa wa Papa Sixtus IV, na Papa mwenyewe alitaka Medici waondolewe. Kabla jua halijazama, waliohusika walikuwa wananing'inia kwenye madirisha ya jumba la serikali, na miongoni mwao alikuwamo askofu mkuu wa Pisa. Jina la Pazzi likapigwa marufuku.

Italia yote ilikuwa hivyo kwa karne nyingi. Wakubwa wa mji mmoja waligawanyika, hawa wakajiita watu wa Papa na wale watu wa Kaisari, hata pale ambapo ugomvi wenyewe ulikuwa wa shamba au posa. Kila upande ulitafuta mgeni mwenye nguvu wa kuuegemea. Mwaka 1494 Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, alimchochea mfalme wa Ufaransa, Charles VIII, ashuke na jeshi kwenda kudai Napoli. Mfaransa alishuka kweli. Miaka michache baadaye mfalme mwingine wa Ufaransa aliichukua Milano yenyewe, na Sforza alifia kifungoni Ufaransa mwaka 1508.

Afrika Mashariki nayo ina orodha yake. Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui hadi mwaka 1837, Busaidi walipoitwaa na kuwapeleka wakuu wa Mazrui uhamishoni. Rwanda, mwaka 1896, watu wa ukoo wa Abega walimwangusha Mwami Rutarindwa pale Rucunshu na kumweka mtoto wa dada yao, Musinga. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa wakati ule walikuwa njiani kutoka Ulaya.

Mjerumani abadili upande

Burundi, mgeni wa kwanza kuuchukua ugomvi huu na kuufanya wake alikuwa Mjerumani. Gisabo alikataa kuinama. Kapteni von Beringe akatafuta wenyeji wanaomchukia Mwami, akawapata wawili. Mmoja alikuwa Kilima wa kaskazini-magharibi, aliyedai kuwa ni mjukuu wa Ntare Rugamba. Wa pili alikuwa Maconco, ambaye alikuwa amemwoa binti wa Gisabo mwenyewe.

Juni 6, 1903, baada ya kushindwa vitani, Gisabo alikubali mkataba wa Kiganda. Alitambua utawala wa Ujerumani, akatozwa ng'ombe, na akalazimishwa kuwatambua Kilima na Maconco kuwa watawala wasio chini yake. Kwa mara ya kwanza, mgogoro wa ndani ya boma uliamuliwa na bunduki iliyotoka nje.

Lakini wakubwa wa Wajerumani walioko Dar es Salaam hawakupendezwa. Waliona ni rahisi zaidi kutawala kupitia Mwami mmoja kuliko kupitia watemi kumi wanaogombana. Sera ikageuka. Mwaka 1905 Maconco alinyongwa na Wajerumani walewale waliompandisha. Kilima naye akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Aliyetegemea bunduki ya mgeni alikuwa salama kwa miaka miwili tu.

Mtemi kipenzi wa Wabelgiji

Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916. Mwami alikuwa mtoto, na waliomshikia madaraka walikuwa watu wa nyumba ya Gisabo, yaani Bezi. Wabelgiji nao wakatafuta mizani yao. Wakampata Pierre Baranyanka, mtemi wa kizazi cha Ntare Rugamba, aliyekuwa na makao yake Rango, upande wa kaskazini.

Baranyanka alikuwa mtu wa aina waliyoitaka. Alibatizwa, alihimiza kilimo cha kahawa, alijenga kwa matofali, aliwasomesha watoto wake. Maofisa walimsifu na kumwongezea nchi. Mwambutsa alipokua walimwona mtu wa starehe asiye na haraka ya kazi, na walizoea kumlinganisha na mtemi wao wa Rango.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu mara nyingi wanaosimulia habari za Bezi na Batare husahau watu wengine wote. Wakati koo mbili zikivutana, Wabelgiji walikuwa wakipunguza idadi ya utemi na kuunganisha maeneo. Kila walipounganisha, walioondolewa kwanza walikuwa watemi Wahutu, ambao enzi za Gisabo walikuwapo. Ilipofika mwaka 1945 hapakuwa na mtemi Mhutu hata mmoja. Baganwa wa pande zote mbili walinufaika, na hakuna upande uliolia. Deni hilo lilikuja kudaiwa baadaye.

Buyenzi yaingia katika hesabu

Louis Rwagasore, mwana wa kwanza wa Mwambutsa, alizaliwa Gitega Januari 10, 1932. Alisoma Astrida, ambayo sasa ni Huye nchini Rwanda, kisha akaenda Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi hakuketi bomani. Mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara na wakulima, ili Mwafrika asiuze mazao yake kwa bei ya kupangiwa na mgeni.

Waliomwelewa mapema walikuwa Waswahili wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo. Buyenzi ilikuwa mtaa wa wachuuzi, madereva, mafundi na wavuvi, wengi wao Waislamu wenye asili ya Congo, Tanganyika na kwingineko. Hawakuwa Bezi wala Batare, na katika hesabu za wakoloni hawakuwa na nafasi ya maana. Rwagasore aliwaendea, nao wakampa kile ambacho boma halikuwa nacho: mtandao wa biashara, fedha taslimu, na lugha inayovuka ziwa na mpaka. Kupitia lugha hiyo alizungumza na Julius Nyerere na viongozi wa TANU, waliomuunga mkono.

Chama chake cha UPRONA kilitaka uhuru bila kuchelewa. Wabelgiji walimwita mkomunisti. Mwaka 1960 wana wawili wa Baranyanka, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walianzisha chama cha PDC, kilichotaka uhuru wa hatua kwa hatua kwa ushirikiano na Ubelgiji. Ukiangalia vichwa vya vyama hivyo viwili unaona Bezi huku na Batare kule, kama enzi za Gisabo. Ugomvi wa vilima ulikuwa umevaa suti.

Hata hivyo ingekuwa kosa kusema vyama hivyo vilikuwa koo tu. UPRONA ilikuwa na Wahutu na Watutsi katika uongozi, na mke wa Rwagasore, Marie-Rose Ntamikevyo, aliyemwoa mwaka 1959, alikuwa Mhutu. Kijana huyo alikuwa ameona kitu ambacho wazee wa koo zote mbili hawakukiona: kwamba siku za kushinda kwa wingi wa binamu zilikuwa zimekwisha.

Viti 58 na risasi moja

Serikali ya kikoloni ilijitahidi kumzuia. Ilipitishwa kanuni ya kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami wasishike nafasi za siasa, na PDC iliiunga mkono. Wakati wa uchaguzi wa mitaa mwishoni mwa mwaka 1960, Rwagasore alikuwa amewekwa kizuizini. PDC ikatangulia, na Ntidendereza akawa waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya muda.

Umoja wa Mataifa ukaingilia kati. Septemba 18, 1961 ulifanyika uchaguzi wa bunge chini ya macho ya waangalizi wake. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Baada ya ushindi huo Rwagasore aliwaambia Warundi kwamba ushindi haukuwa wa chama kimoja, na kwamba serikali yake ipimwe kwa matendo.

Matendo hayo hayakupata muda. Oktoba 13 alikuwa mezani na wenzake kwenye hoteli ya Tanganyika, ufukweni. Risasi moja ilitoka gizani.

Upelelezi ulimfikia Kageorgis ndani ya siku chache, na kutoka kwake ukafika hadi kwa viongozi wa PDC. Mahakama ya kikoloni ilimhukumu Kageorgis kifo, akauawa Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine adhabu zao zilipunguzwa katika rufaa. Baada ya uhuru, Burundi huru iliifungua kesi upya. Januari 15, 1963, watu watano walinyongwa hadharani Gitega. Miongoni mwao walikuwamo Ntidendereza na Biroli. Ukoo wa Baranyanka ulipoteza wana wawili kwa siku moja.

Swali la wageni liliachwa wazi. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliituhumu rasmi Ubelgiji kuwa nyuma ya mauaji hayo. Mwaka 2021 mtafiti Mbelgiji, Ludo De Witte, alichapisha kitabu kizima juu ya wajibu wa maofisa wa nchi yake. Kamati ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza ukoloni ilimaliza kazi mwishoni mwa mwaka 2022 bila wabunge kukubaliana hata juu ya kuomba radhi.

Aliyeshinda ni nani?

Hapa ndipo Florence na Bujumbura zinapoachana njia. Medici walinusurika na kisu cha Pazzi. Lorenzo alikuwa hai siku ya pili, akaushika mji kwa nguvu zaidi. Mtoto wa Giuliano, aliyezaliwa nje ya ndoa, alikuja kuwa Papa Clement VII. Ukoo mmoja uliangamia na mwingine ukaendelea, na ulipoendelea, kiti kilikuwa na mwenyewe.

Burundi ilipoteza pande zote mbili. Bezi walimpoteza mtu pekee wa kwao aliyeweza kuzungumza na Mhutu wa Ngozi, Mtutsi wa Bururi na mchuuzi wa Buyenzi, na wote wakamwamini. Batare walipoteza wasomi wao kwenye kamba. Chama cha UPRONA kilibaki na ushindi mkubwa bila mtu wa kuushika.

Nafasi hiyo haikukaa tupu kwa muda mrefu. Januari 1962, kabla hata ya uhuru, damu ilikuwa imemwagika mtaani Kamenge, pale vijana wa UPRONA walipowashambulia viongozi Wahutu. Ndani ya chama yakazuka makundi mawili, Casablanca na Monrovia, moja likiegemea zaidi kwa Watutsi na la pili kwa Wahutu. Januari 15, 1965, miaka miwili kamili baada ya watu watano kunyongwa Gitega, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa kwa risasi mjini Bujumbura. Wahutu waliposhinda uchaguzi wa mwaka huo, Mwambutsa aliwapita wote na kumteua Léopold Biha, mganwa wa kwao. Oktoba likafuata jaribio la mapinduzi, Biha akajeruhiwa, na Mwami akaikimbia nchi.

Julai 1966 mwanawe, Charles Ndizeye, alimwondoa baba yake na kuwa Ntare wa Tano. Alikaa kitini miezi michache. Novemba 28 mwaka huohuo Kapteni Michel Micombero aliufuta ufalme. Ntare aliuawa Gitega mwaka 1972, katika siku za mwanzo za mauaji makubwa yaliyowamaliza Wahutu kwa makumi ya maelfu. Mwambutsa alifariki Geneva mwaka 1977, mbali na vilima vilivyowagombanisha babu zake.

Yaliyofuata msomaji anayajua: Oktoba 1993 na kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, vita vya zaidi ya miaka kumi, kambi za wakimbizi Kigoma, na mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000. Wapo wanaosimulia misiba hiyo kana kwamba Mhutu na Mtutsi walizaliwa wakigombana. Historia ya Bezi na Batare inawakatalia. Mwaka 1961 mpasuko mkubwa wa siasa za Burundi ulikuwa kati ya binamu wa ukoo mmoja wa kifalme, na Wahutu na Watutsi walikuwapo pande zote. Ugomvi wa makabila uliingia kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuuana.

Wala tusiwatupie wageni mzigo wote. Mjerumani hakuwazaa Kilima na Maconco, na Mbelgiji hakuuanzisha wivu wa Rango na Muramvya. Alichofanya mgeni ni kuupa ugomvi wa zamani silaha mpya, na kuondoa ile kanuni ya zamu iliyokuwa ikiupunguza makali. Sforza wa Milano alimwita Mfaransa kwa mdomo wake mwenyewe. Maconco naye aliifuata bunduki ya Mjerumani kwa miguu yake.

Funzo kwa majirani

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na leo malori ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yanashusha mizigo Bujumbura kila siku. Jumuiya hii ina nchi ambazo watoto wa marais wa kwanza wameshakuwa marais au wagombea, na ambazo majina yaleyale mawili matatu yanarudi kwenye karatasi ya kura kila baada ya miaka kadhaa. Si kosa mtoto wa mkubwa kugombea. Rwagasore mwenyewe alikuwa mwana wa Mwami. Kosa linaanza pale kiti kinapohesabiwa kuwa zamu ya ukoo, na wananchi wakawa watazamaji wa mechi ya binamu. Tembo wakipigana, zinazoumia ni nyasi. Na Burundi, hata tembo wenyewe hawakubaki.

Barabara ya katikati ya mji wa Bujumbura ina jina la Rwagasore. Kule Buyenzi, hospitali kubwa bado inaitwa Prince Régent Charles, jina la mwanamfalme wa Ubelgiji. Anayetembea kutoka moja hadi nyingine hachukui muda mrefu, na njiani atapita karibu na maduka ya wajukuu wa wale wachuuzi waliomchangia Rwagasore fedha za ushirika. Hao hawakuwa na ukoo wa kifalme wa kuutetea. Walitaka nchi ambayo mtu anaweza kuuza na kununua, kusema na kusikilizwa, bila kuulizwa babu yake alikuwa Ntare yupi.